Sungura Ndani ya Eda

Meno ya sungura ikikata tete iko na sauti yake. Si kama panya. Panya anakata mbio, anaacha, anasikiliza, anakata tena, sababu anajua kama anaiba. Sungura hajui kama anaiba. Anakata pole pole, krrt, krrt, krrt, kama mutu yuko mu kazi yake, na ukimutazama naye anakutazama, taya inaendelea tu. Ile sauti niliisikia miezi mine na siku kumi. Hata leo ikinirudia mu kichwa, ninachungulia kwanza chini ya kitanda.

Nieleze vizuri, sababu watu wa Rumonge walisikia hii habari nusu-nusu, na kila mutu akatia chumvi yake.

Mama yangu mukubwa, dada ya mama yangu, alifiwa na bwana yake wakati Wadachi, ndio Wajerumani, bado walikuwa wanashika inchi. Bwana yake, baba mukubwa, alikuwa mupishi bomani Usumbura, kwa Mudachi mumoja mwenye kufuga sungura za Ulaya mu visanduku, za kula. Sisi tulijua sungura ya porini tu, ile ya rangi ya majani makavu, unaiona mara moja na imekwenda. Hii ya Kizungu ilikuwa nyeupe, nene, sikio moja limelala kama jani la mugomba lililovunjika. Ilikuwa ichinjwe Jumapili. Baba mukubwa akaiomba. Mutu aliyechinja kuku na sungura miaka yote bila kuuliza kitu, hii moja akaiomba. Akashuka nayo ku mutumbwi, mu kitunga ya samaki, na alipofika nyumbani alikuwa na homa tayari. Akamuambia bibi yake, "Nimekuletea mugeni. Hashibi." Ile ndiyo maneno ya mwisho ya kuchekesha nilisikia kwake. Wiki tatu nyuma yake tukamuzika.

Sasa eda. Mwanamuke akifiwa anakaa mu nyumba ya bwana yake miezi mine na siku kumi. Hatoki bila lazima, hajipambi, hapaki manukato, na wanaume wasio wa damu yake hawamuoni. Mama mukubwa hakuzaa. Nani atakaa naye? Nikasema miye. Hakuna mutu aliyeniomba. Nilikunja mukeka yangu, nikaweka ku kichwa, nikaenda, na njiani nilisema kwa kila mutu niliyekutana naye kama atakayemusumbua mama mukubwa atapita juu yangu kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Watu walijua kama niko na moto, hakuna aliyecheka mbele yangu.

Na nilikuwa na elimu, ao nilifikiri hivyo. Watoto wanaume walikuwa wanasoma Kurani chuoni, miye nilikuwa ninamenya muhogo nyuma ya ukuta wa chuo kila asubuhi. Herufi nilizishika kwa masikio kwanza, kisha nikaziandika ku mavumbi kwa kisu ya muhogo. Na hukumu pia nilizishika pale pale. Siku moja mwalimu alikuwa anafundisha habari ya eda, nikasikia: mujane asitoke nje. Basi nilipofika kwa mama mukubwa nikaweka sheria. Nje ni nje. Hata uwanja wa nyuma ni nje, zaidi sababu ua ya matete ilikuwa imeanguka mu mvua na watu wa kwenda kuchota maji ziwani walikuwa wanaona mupaka ku mulango. Nikafunga mulango wa nyuma na kamba. Maji nilimuletea ndani, ya kuoga, ya kunywa, na ya udhu mara tano kwa siku. Alikuwa anatawadha ku pembe ya nyumba, nyuma ya kitanda, na miye nilikuwa nimesimama na kata ya maji kama askari wa boma. Nilikuwa ninajivunia sana.

Sungura alianza na mukeka. Alikula pindo lote, akaacha katikati, ukafikiri mushonaji amepita. Akaenda ku kamba za kitanda. Siku moja mama mukubwa alikaa akazama mupaka matako ikagusa chini, akabaki pale magoti juu, akasema tu, "Mugeni ameamuka." Akaonja muguu wa kitanda, mupini wa kisu, kizingiti, na matete ya ukuta mahali udongo ulikuwa umebanduka. Nyumba yetu ilikuwa kama za wengine wote: miti, matete yamefungwa na kamba, udongo katikati. Kwa sungura ile ni chakula imepakwa udongo kidogo.

Kisha akaanza kuchimba.

Aliyeona shimo kwanza ni baba mudogo, ndugu ya marehemu. Ni mutu mukubwa, anaanika ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, na sauti yake imezoea kushindana na upepo wa ziwa. Kila Ijumaa nyuma ya sala alikuwa anakuja, anakaa nje ya pazia ya mulango, anamusalimia shemeji yake bila kumuona, anauliza kama iko kitu imepunguka. Ile Ijumaa hakukaa. Nilisikia miguu yake inazunguka nyumba, inasimama nyuma, inarudi.

"Shemeji, hii shimo chini ya ukuta ni ya kitu gani?"

"Ni ya mugeni," mama mukubwa akasema.

"Mugeni gani anatokea chini ya ukuta?"

Nikajibu miye. "Hajatokea bado. Anachungulia."

"Wewe sijakuuliza."

"Ndiyo sababu nimejibu mbio, usipate taabu ya kuniuliza."

Mama mukubwa akanifinya paja. Baba mudogo aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo iliniogopesha kuliko kelele.

"Shemeji, pale ndipo iko nguzo ya pembe. Nguzo hiyo tuliileta miye na ndugu yangu kutoka mulimani Bugarama, ku mabega, siku nzima, tukapokezana. Mvua moja kubwa ikiingia mu shimo, udongo unaondoka, nguzo inakaa, nyumba inalala. Na nyumba ikilala utamalizia eda wapi? Kwangu? Ndugu yangu aliniachia kitu kimoja tu cha kuchunga, bibi yake akae mu nyumba yake mupaka siku zitimie." Akakohoa. "Nitakuja Ijumaa ingine. Nikikuta shimo imezidi, ama imehama, huyo munyama nitamuchinja mwenyewe na bismillahi, na mutamula."

Akaenda. Nilikuwa nimeshasimama nimufuate, mudomo umejaa, lakini niligeuka nikaona mama mukubwa amemuvuta sungura ku mapaja na amefunika lile sikio la kulala na kiganja.

"Alimuomba," akasema. "Miaka yote kwa yule Mudachi hakuomba kitu. Hata ruhusa ya kuugua hakuomba. Aliomba huyu."

Ile siku hakula. Basi nikajua kazi yangu. Nyumba isimame, sungura asichinjwe, na iko siku saba.

Siku ya kwanza nilitumia mawe. Nilibeba mawe ya ziwani mu kitenge, mara sita, nikajaza shimo, nikapanga ingine mustari kando ya ukuta. Jirani yetu, mwanamuke wa Minago mwenye kukamua mawese, alikuwa anapika mawese uwanjani kwake na ua imeanguka, anaona kila kitu.

"Bibi fundi! Unajenga boma? Wadachi wamekupa cheo?"

Nikapanga jiwe lingine.

"Muulizeni huyo sungura, pengine anataka kuchimba kaburi ya yule mwenye kusema sana!"

Nikachukua konzi ya udongo nikamurushia. Haikumupata. Iliingia mu chungu ya mawese, pwaa. Sitaandika hapa yale aliyoniambia. Miye nilimujibu yote, moja moja, na nikaongeza.

Asubuhi yake mawe yalikuwa yamezama. Sungura hakuyahamisha hata moja. Alichimba kando ya kila jiwe, jiwe likashuka lenyewe. Nilikaa nikatazama ile kazi muda murefu. Nilikuwa na hasira, lakini, wallahi, ilikuwa kazi nzuri.

Siku ya pili pilipili. Nilitwanga pilipili kavu, ile ndogo, nikamwaga mu shimo na ku ukuta wote. Sungura akaja, akanusa, akapiga chafya tatu, akajipangusa uso na mikono miwili kama mutu anatawadha, akasogea upana wa kiganja, akaendelea kuchimba. Vumbi ya pilipili ikapanda mu nyumba. Na wakati huo huo, hodi, wanawake wane wamekuja kumupa pole mama mukubwa.

Walimukuta amekaa ku mukeka, macho mekundu, machozi yanatiririka, pua inatiririka. Wakashika vichwa. "Maskini, bado analia hivi!" Wakakaa, wakaanza kulia naye. Wa kwanza alilia kwa heshima, kisha pilipili ikamupata akalia kweli. Wa pili, wa tatu. Wakalia mupaka mumoja wao, mama munene wa mutaa wa juu, akapangusa uso akasema, "Hata bwana yangu mwenyewe sikumulilia hivi."

Hapo sungura akatoka chini ya kitanda, mudomo mwekundu wa udongo, akapita katikati yao.

"Na huyu naye? Ni dume ao jike?"

Hakuna aliyejua.

"Basi mutajua lini? Kama ni dume haifai! Mujane wa eda kulala na dume mu nyumba moja!"

"Mugeuze tuone."

Walimugeuza. Walitazama wote wane, wakapiga chafya, wakabishana, wawili wakasema dume, wawili jike. Niliona mabega ya mama mukubwa yanatikisika chini ya nguo. Mama munene akamukumbatia, "Lia, dada, lia, itoke yote." Lakini hakuwa analia. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu tulipomuzika bwana yake, na nilikuwa miye peke yangu niliyejua.

Siku ya tatu akapita mama wa mulimani, yule mwenye kutuletea muhogo. "Amahoro," akasema ku mulango, akaona muguu wa kitanda umeliwa mupaka umekuwa kama kiuno cha nyigu. Akauliza ni mududu gani. Nikamuonyesha. Akamushika sungura mu shingo, akamufungua mudomo na kidole gumba, akatazama meno bila haraka. Miye nilikuwa sijawaza hata siku moja kutazama mu mudomo yake.

"Kama ya fuko," akasema. "Meno haya hayakomi kuota, kama kucha. Sisi tukinasa fuko tukimuweka bila muti wa kutafuna, meno inarefuka inamuziba mudomo. Huyu hali nyumba yako sababu ya njaa. Anapunguza meno."

"Na nifanye nini?"

"Mupe muti wake. Na miti yako uipake mubirizi."

Mubirizi ni yale majani machungu ya dawa ya tumbo, kila mutu anayajua, yako nyuma ya kila nyumba. Niliyaponda, nikapaka miguu ya kitanda, kizingiti, matete ya ukuta. Nikakata matawi ya mupera nikamuwekea. Sungura akaja ku muguu wa kitanda, akauma mara moja. Akasimama. Akatoa ulimi. Akanitazama na jicho moja kama anauliza nani amemufanyia hivi. Kisha akaenda ku mupera, krrt, krrt, na kutoka ile siku hakugusa kitanda tena. Nilimufuata yule mama wa mulimani mupaka njiani nikamuambia murakoze, asante ya kwao, mara tatu.

Kutafuna ikaisha. Kuchimba, hapana.

Na hapa ndipo kitu kikanishika, na nikikwambia kama nilisahau Ijumaa na kisu utaniona mubaya, lakini nilisahau kabisa. Nilitaka tu kujua. Nyumba iko na pembe ine. Sababu gani anachimba moja tu? Nilijaza shimo, akarudi pale. Nilimubeba nikamuweka ku pembe ya mulango, akakaa, akajilamba, akarudi pale. Niliweka vijiti vya matete mu udongo, kimoja kila mahali kucha zake zimegusa, ili nione. Vijiti vyote vilisimama mu nafasi ya kunyoosha mukono, nyuma ya kitanda. Na saa je? Nikaanza kutazama saa. Asubuhi mapema anachimba. Katikati ya asubuhi analala. Adhuhuri anaamuka. Anachimba. Analala. Alasiri anachimba.

Ningekuwa na akili ningejua pale pale. Lakini nililala tumbo chini mu vumbi, uso karibu na uso wake, nikaanza kugusa sakafu na kiganja. Sakafu ya ile nyumba ilipigwa na wanawake wa mutaa muzima siku ya kujengwa, ngumu kama mbao, kavu, ya moto kidogo. Nikasogeza kiganja. Ngumu. Ngumu. Ngumu. Kisha vidole vikaingia. Baridi. Laini kama unga wa muhogo umekandwa.

Nikainua kichwa. Mama mukubwa alikuwa amesimama juu yangu, mikono ya nguo imekunjwa mupaka kiwiko, anangoja. Ilikuwa saa ya alasiri. Alikuwa anangoja kata yangu ya maji.

"Mama mukubwa. Hii pembe iko maji."

"Ndiyo."

"Ni maji ya udhu yako."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungepigana na nani?"

Nikakaa chini. Yeye akakaa ku kitanda, na kwa mara ya kwanza akaniambia kama mama yake mwenyewe alikaa eda yeye alipokuwa bado mutoto, na kila siku alikuwa anatawadha uwanjani, ku jiwe, jua juu ya kichwa, na hakuna mutu aliyesema kitu. Uwanja wa nyumba ni nyumba.

"Lakini nilisikia mwalimu kwa masikio yangu," nikasema. "Nyuma ya ukuta."

"Basi nusu moja ulisikia mwalimu, na nusu moja ulisikia ukuta."

Miezi miwili nilikuwa nimemufungia mutu gizani kuliko dini yenyewe inavyosema, nikasimama ku mulango nikijisifu. Na ile maji niliyobeba ku kichwa changu kwa mapenzi yote ndiyo iliyolainisha udongo chini ya nguzo. Sungura hakuwa na kosa hata kidogo. Alikuta mahali pamoja laini mu nyumba nzima, na aliyepalainisha ni miye, mara tano kwa siku.

Nilitaka kufungua mulango wa nyuma pale pale. Akanizuia. Ua bado iko chini, watu wanapita. Na ilikuwa siku ya tano tayari, ua haijengwi kwa siku mbili na musichana mumoja. Basi nikawaza hivi: huyu hapendi kubomoa nyumba. Anapenda udongo ya baridi yenye kuacha vidole vipite. Nikimunyima, atatafuta. Nikimupa?

Ku ziwa, karibu na mahali pa kuanikia ndagala, kulikuwa mutumbwi wa zamani, umepasuka, umebaki nusu ya nyuma. Ulikuwa wa baba mukubwa na ndugu yake walipokuwa vijana. Nusu ile ilikuwa na urefu wa mutu amelala, na nzito. Peke yangu siwezi. Nikaenda kwa jirani.

Alikuwa anapepeta. Hakuinua macho.

"Niko na haja ya mabega yako," nikasema.

"Na mawese yangu yako na haja ya nini?"

"Nilikosea."

"Sema tena, sikio moja limelala kama la sungura yenu."

"Nilikosea, dada. Nitakuchotea maji wiki nzima."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili."

Akaweka ungo chini. "Twende. Si sababu yako. Ni sababu ya huyo mama mu nyumba, amekaa na wewe miezi miwili, hiyo peke yake ni ibada."

Tulibeba nusu mutumbwi kupita katikati ya mutaa, na kila mutu aliuliza kama tunaenda kuvua samaki nyumbani. Jirani aliwajibu wote, ndiyo, bwana ya samaki ameoa kule. Tulichota muchanga pale muto unapoingia ziwani, sababu ni karibu. Kisha shimo: tulienda kuvunja kichuguu, ule udongo wa muchwa, tukauponda, tukauchanganya na maji kidogo, tukaujaza ndani na nje ya ukuta, tukaupiga na mubao mupaka mikono ikakufa ganzi. Udongo wa muchwa ukikauka, hata jembe linauogopa. Juu yake tukaweka mutumbwi, tukaujaza muchanga.

Sungura akaja. Akautazama. Akageuza mugongo akalala.

Alhamisi asubuhi, hivyo hivyo. Anazunguka mutumbwi, anakwaruza udongo wa kichuguu, haupenyi, anakaa amenuna. Jirani alikuwa amekuja kutazama, akaanza kuninong'oneza kama sungura inapikwa vizuri na mawese, nikamutolea macho. Adhuhuri mama mukubwa akakaa ku ukingo wa mutumbwi, akatawadha taratibu, maji ikaanguka mu muchanga. Alipoinuka kwenda kusali sungura akasimama na miguu miwili. Akanusa ukingo. Akaruka ndani. Akakaa juu ya pale palipolowa, akafikiri. Kisha alichimba, jamani, alichimba muchanga ukaruka ku kitanda, ku ukuta, mu nywele yangu, mu mudomo wangu uliokuwa wazi sababu nilikuwa ninapiga kelele. Jirani naye alikuwa anapiga kelele. Mama mukubwa alikuwa mu sala, hakugeuka, lakini ile sala niliona aliirefusha.

Ijumaa baba mudogo akaja na kisu mu kiuno. Hakusalimia. Alizunguka nyuma kwanza, nikasikia fimbo yake inagonga chini ya ukuta. Tok. Tok. Tok. Akarudi ku pazia.

"Nani alifunga shimo?"

"Miye na jirani. Na udongo wa kichuguu."

Hapo ikasikika nyuma ya kitanda: khrr, khrr, khrr.

"Anachimba!"

"Anachimba," nikasema.

"Nimewaambia nini Ijumaa ile?"

"Shimo isizidi wala isihame. Haijazidi, haijahama. Anachimba mu mutumbwi."

"Mutumbwi gani?"

Hapo ndipo nilikumbuka. Ule mutumbwi ulikuwa wake pia. Sikuomba. Mu ile haraka yote sikuwaza hata kuomba.

Mama mukubwa akasema polepole nyuma ya pazia, "Ule wenu wa zamani, shemeji. Nusu iliyobaki."

Nilimusikia anakaa chini, nje, ku kizingiti, mahali hakuwa amekaa wiki iliyopita. Sungura alikuwa anaendelea, yeye hana habari.

"Iko kiraka karibu na ukingo?" akauliza. "Upande wa kuume?"

Nikaenda kutazama. Iko. Kipande cha ubao, kimeshonwa na kamba.

"Iko."

"Mukono wake ule. Alikishona mubaya, tukaingiwa na maji mupaka kiunoni, akasema ni kosa yangu." Akasogeza mukono ku pazia. "Nipe muchanga wake kidogo."

Nilimupitishia konzi chini ya pazia. Nikaona vidole vyake vinausaga, vinaupepeta.

"Umeuchota wapi?"

"Pale mutoni."

"Uko na tope. Utaozesha mbao." Akasimama, akapangusa mikono, akaenda zake bila kuaga.

Nikamuambia mama mukubwa, amekasirika, anarudi na watu, lakini nitasimama ku mulango na mutwangio wa kinu, na nilikuwa nimeshaushika mutwangio. Yeye aliendelea kumupangusa sungura muchanga ku sikio.

Baba mudogo alirudi kabla ya alasiri. Alikuwa na vitunga viwili vya muchanga mweupe, ule safi wa ufukoni mbali na mutoni, na nyuma yake kijana wake mukubwa amebeba muganda wa matete. Akaweka vitunga ku mulango. Matete wakayapeleka nyuma, wakaanza kusimika ua. Kwa mudomo hakusema kama sungura amesamehewa. Alisema tu, "Ule wa tope mumwage."

Ua iliisha siku ya tatu. Nikakata ile kamba ya mulango wa nyuma na kisu, sababu nilikuwa nimeifunga vibaya sana haikufunguka. Mama mukubwa akatoka uwanjani, akakaa ku jiwe, akafumba macho jua ikamupiga usoni. Alitawadha huko mupaka mwisho wa eda. Lakini kila mara alikuwa anabakisha maji kidogo mu kata, anarudi ndani, anayamwaga mu mutumbwi. Na kila Ijumaa baba mudogo alikuwa anakuja na muchanga, anauliza nje ya pazia, "Amechimba?" na miye ninajibu, "Amechimba."

Siku eda ilipotimia wanawake walijaa ku mulango wa mbele, jirani wa mawese mbele yao wote, vigelegele tayari mu koo. Mama mukubwa akatoka, nguo mupya, akawapita. Akazunguka nyumba mupaka ile pembe ya shimo, akainama, akasukuma udongo na kidole gumba, kwa nguvu, mara mbili.

"Imeshika," akasema. Kisha akageuka akaanza kuwasalimia.